Saa ya Usukani wa Mjomba

Volimu ya redio haigawi umeme sawasawa. Ukiizungusha kidogo mwanzoni, umeme unaopita ndani yake hubadilika kwa uchache. Ukikaribia mwisho, hubadilika kwa wingi. Imeundwa hivyo makusudi, kwa sababu sikio la binadamu nalo halisikii sawasawa. Anayesikiliza redio hana haja ya kulijua jambo hili. Mimi nililijua baada ya kuifunga volimu ya redio juu ya usukani wa boti, nikaona mshale wangu ukisema kweli upande wa kulia na kutia chumvi upande wa kushoto.

Hayo yalikuwa Rumonge, bandari ya ziwani kusini ya Bujumbura, si muda mrefu kabla ya 1972. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio. Niliianza mwaka wa Uhuru, wakati kila mwenye duka alitaka redio yake isikike hadi barabarani, na redio nyingi zilizotufikia zilikuwa zimekwisha kuchoka Kongo au Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nimesoma Kurani, kisha shule kwa miaka michache, nikatoka nikiweza kukisoma Kifaransa bila kukielewa. Maana niliitafuta baadaye katika kamusi iliyong'oka kurasa za mwanzo. Muuza karanga alikuwa amezifungia karanga zake. Maneno yaliyoanzia A na B niliyakisia kwa kuangalia michoro. Majarida ya wapenda redio yalinifikia kupitia mfanyabiashara mmoja wa vyombo. Yalikuja kutoka Ulaya yamekunjwa kuzunguka vikombe ili visivunjike, naye alinipa bure, kwani yeye alitaka vikombe.

Ndugu wa mama yangu alikuwa nahodha wa boti ya mbao yenye injini ya dizeli. Ilibeba mawese, saruji na wale dagaa wadogo tunaowaita ndagala, kati ya Nyanza-Lac, Rumonge na Bujumbura, na wakati mwingine ilisimama Kabezi kupakua. Gurudumu la kuongozea lilikuwa mbele, katika kibanda cha nahodha. Usukani wenyewe, yaani ule ubao mzito unaokata maji, ulikuwa nyuma kabisa. Vitu hivyo viwili viliunganishwa na kamba za chuma zilizopita pembeni mwa boti, na kamba hizo zilikuwa zimelegea kwa umri. Nahodha akigeuza gurudumu, kamba hujivuta kwanza, ndipo usukani hufuata. Hawezi kuuona, kwa sababu katikati pamejaa magunia. Huujua kwa uzito. Maji yanausukuma usukani, usukani unazivuta kamba, na kamba zinaviambia vidole vyake pale ulipo.

Mjomba aliifanya kazi hiyo tangu wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyesema kuwa kuna anayemzidi. Kisha siku moja, huko Gatete ambako familia ilikuwa na michikichi, pipa la mawese yanayochemka liliinama kutoka kwenye mafiga. Mjomba akalizuia kwa mikono. Vidonda vilipona, lakini ngozi iliyoota viganjani ilikuwa nyembamba, yenye kung'aa, na haikusikia kitu. Aliweza kushika, kuvuta, hata kufunga fundo. Hakuweza kujua kama anachokishika ni cha moto au baridi, kigumu au laini.

Alirudi kwenye gurudumu na kwa muda hakuna aliyeona tofauti katikati ya ziwa. Tofauti ilionekana kwenye gati. Aligonga gati la Nyanza-Lac, watu wakasema ni upepo. Baadaye aligonga la Rumonge siku isiyo na upepo, akavunja ubao wa mbele na kuupasua mtumbwi wa mvuvi uliofungwa hapo. Mwenye boti, mfanyabiashara wa mtaa wetu wa Waswahili, mtu mnene mpenda mzaha, alikuja kutazama ule ubao. Alimsalimu mjomba kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema:

"Muzee, minakuheshimu sana. Lakini bato yangu haiko ngoma. Usinipigie kwenye gati kila wiki."

"Umesema kweli, patroni."

"Iko mutu mu Nyanza-Lac anaomba hii kazi. Sijamujibu. Usinifanye nimujibu."

Mjomba hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Na mikono ile isingeshika jembe siku nzima bila kujikata pasipo yeye kujua. Alikuja kwenye kibanda changu bila redio mkononi, akakaa, akatazama kipimo changu cha umeme, mshale ukipanda na kushuka.

"Mupwa wangu, huu mushale unaonyesha nini?"

"Nguvu ya umeme, mjomba."

"Unaweza kuonyesha usukani?"

Nikamwambia unaweza.

"Basi fanya. Mikono hii imekuwa ya mutu mwingine. Macho bado ni yangu."

Ndivyo nilivyofunga ile volimu. Niliiweka ndani ya boksi la bati juu ya mti wa usukani, kule nyuma, ili mti ukizunguka, nayo izunguke. Nyaya tatu zilikwenda mbele hadi kibandani, kwenye batri na mshale. Nilipanga umeme wa pande mbili ulingane: usukani ukiwa umenyooka, umeme haupiti kwenye mshale, nao husimama katikati. Usukani ukienda kulia, mshale hulala kulia. Ukienda kushoto, hulala kushoto. Mabaharia waliita chombo hicho saa.

Ile volimu ya kwanza niliibadilisha, kwa sababu niliyoieleza. Katika redio ya zamani ya jeshi la Wabelgiji nilipata nyingine, ya waya uliozungushwa, ambayo hugawa umeme sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Nilipoifunga, mshale ulitembea kama unavyotembea usukani wenyewe, na kwa majuma kadhaa mjomba aliingia kwenye magati bila kugusa kitu.

Mwenye boti alipanda kuitazama.

"Hii saa yenu inasema saa ngapi?"

"Inasema usukani uko wapi, patroni," nikamjibu.

"Sasa, kama inajua usukani uko wapi, mbona haiugeuzi? Iko mwanamuke wa kuchungulia tu mulangoni?"

Mabaharia walicheka. Yeye alikuwa anatania, lakini mimi nilikuwa na jarida lenye mchoro wa mashine ya namna hiyo, nami nilikuwa nimeusoma hadi karatasi ikachakaa mikunjo. Nikamwambia inawezekana. Akaacha kucheka. Safari kati ya bandari zilikuwa ndefu, nahodha huchoka, boti huenda upogo, mafuta huungua bure. Hayo aliyaelewa upesi kuliko mimi.

"Fanya," akasema. "Hiyo kitu ikishika njia mpaka Nyanza-Lac, muzee anabaki na kazi yake, hata mikono yake ikianguka. Ikishindwa, munatoka wote: yeye, wewe, na saa yenu."

Toka siku hiyo nafasi ya mjomba haikutegemea tena mikono yake wala macho yake. Ilitegemea boksi langu la bati.

Mashine yenyewe haikuwa na siri. Niliiweka dira ndani ya bakuli, na juu yake taa ndogo. Chini ya kadi ya dira niliweka transista mbili nilizozikwangua rangi nyeusi. Transista ya aina ile ikikwanguliwa huanza kuona mwanga. Boti ikipinda, kadi huziba mwanga wa moja na kuifungulia nyingine. Hapo moteri ndogo, iliyokuwa ya kufutia kioo cha lori, huvuta mnyororo wa baiskeli na kuzungusha gurudumu. Lakini mashine haina vidole. Ikishageuza gurudumu, lazima iulize usukani: umefika wapi? Jibu linatoka kwenye boksi la nyuma. Bila jibu hilo haijui ni lini iache kugeuza.

Tuliondoka Rumonge kuelekea Nyanza-Lac jua likiwa halijachomoza. Ulikuwa wakati wa kiangazi, asubuhi zenye baridi, maji yametulia. Wavuvi wa ndagala walikuwa wanarudi na mitumbwi yao. Mjomba aliielekeza boti kusini, akafunga mnyororo, akatoa mikono. Boti ilienda kidogo, ikapinda kulia, ikaendelea kupinda. Ikamaliza duara, ikaanza la pili.

"Ee, bato!" mvuvi mmoja akapaza sauti. "Munatafuta nini hapo? Ndoo imeanguka?"

"Wacha," mwenzake akamjibu, "iko mbwa, inatafuta mukia yake!"

Makanika wetu akatoa kichwa kwenye shimo la injini. "Tunasaga maji!" akawaambia. "Wenye mihogo, leteni!"

Mimi sikuwa nawatazama. Nilikuwa natazama mshale. Ulikuwa umesimama katikati kabisa, umetulia, ukisema usukani umenyooka. Moteri ilikuwa imeuvuta usukani hadi mwisho na bado ilikuwa inavuta. Mjomba akauchomoa mnyororo, akashika gurudumu, akatazama saa. Saa ikamwambia usukani umenyooka. Naye akauamini mshale, akaliacha gurudumu pale lilipo. Boti ikaendelea kuzunguka, sasa kwa mkono wa nahodha mwenyewe.

Baharia mmoja alikimbia nyuma, akainama juu ya maji na kupiga kelele kwamba usukani umelala. Hapo ndipo mjomba akaurudisha. Alitazama saa, kisha akatazama mikono yake.

Jua lilipopanda, mshale ulianza kutembea tena, kwanza kwa kurukaruka, halafu vizuri. Tulifunga mnyororo. Mashine ilishika njia hadi Nyanza-Lac bila kosa, na alasiri tuliporudi ilishika tena. Lakini mwenye boti alikuwa amesimama ufukoni asubuhi ile, na alikuwa bado na maneno.

"Nimeona bato yangu ikizunguka," alituambia. "Nikasema, alhamdulillahi, imekwenda hija, na mimi mwenyewe sijakwenda."

Mabaharia walicheka hata mjomba akacheka. Kisha mwenye boti akasema ataingia mwenyewe ndani ya boti siku ambayo shehena kubwa ya mawese itarudi kutoka Nyanza-Lac, na kwamba siku hiyo ndiyo ya kuamua. Kwa desturi shehena ile hufika Rumonge alfajiri, ili mapipa yawahi magari.

Alfajiri ndiyo ilikuwa saa ya ugonjwa.

Nilifanya kama ninavyofanya na redio: nikaigawa. Nilibadilisha batri; ugonjwa ulirudi asubuhi iliyofuata. Nilizipima nyaya tatu toka nyuma hadi mbele, nikazitikisa, nikazimwagia maji, zilikuwa nzima. Nilibadilisha mshale. Ugonjwa ulirudi. Lilibaki boksi la nyuma. Nililifungua adhuhuri, nikaipima volimu polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Ilikuwa nzima kabisa. Niliona inang'aa kwa mafuta kidogo, lakini mafuta kidogo nilikuwa nimeyatia mimi. Nikalichukua nyumbani, nikaliweka mezani, nikalipima tena jioni. Lilikuwa zima. Nikalirudisha. Asubuhi mshale ukasimama katikati kama msumari.

Jambo moja nililifahamu wakati huo kwa kuchora karatasini. Katika mpango wangu, mshale husimama katikati kwa sababu mbili: usukani ukiwa umenyooka, au waya wa katikati ukiwa umekatika. Umeme usipopita kabisa, mshale hauna pa kwenda. Yaani chombo changu kikifa, kilionyesha ile habari ambayo nahodha anapenda zaidi kuiona. Kwa hiyo kulikuwa na kazi mbili: kutafuta kinachokata waya wa katikati alfajiri, na kukifanya chombo kikifa kionekane kimekufa.

Kazi ya pili ilikuwa rahisi. Nilipanga upya umeme ili mshale uinuliwe hadi katikati kwa nguvu ya batri. Ukikosa umeme, uanguke kushoto kabisa, nje ya alama zote. Sehemu hiyo niliipaka rangi nyekundu ya kucha, niliyoomba kwa mke wangu.

Kwa kazi ya kwanza nilikosea kulitoa boksi mahali pake na wakati wake. Ugonjwa wa alfajiri utazamwe alfajiri. Nikaenda kwenye boti baada ya sala ya asubuhi, mabaharia wakiwa bado hawajafika, nikalifungua boksi pale pale juu ya mti wa usukani. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya chungwa. Ulikuwa umeganda juu ya zile nyaya zilizozungushwa, na kile kidole kidogo cha shaba kinachotembea juu yake kilikuwa kimeinuliwa na ule mgando, hakigusi kitu. Niliuchukua kwa ncha ya bisibisi, nikaunusa.

Mawese ya kwetu huganda kwenye baridi ya asubuhi na kuyeyuka jua likipanda. Kila anayepika anajua. Nilikuwa nikiiona chupa ya jikoni kwangu ikifanya hivyo kila siku ya kiangazi. Ndani ya boksi yaliganda, yakainua kidole, yakakata umeme. Saa nne, saa tano, yakayeyuka, kidole kikashuka, na mimi fundi nikakuta kila kitu kizima na kinang'aa kidogo.

Nilikaa hapo hapo nikisubiri nione yanavyoingia. Mjomba alikuja na kopo lake la mawese. Alilitumbukiza dole gumba ndani ya kopo, akasema bismillahi, akaanza na nanga. Akapaka pete za kamba za chuma. Akapaka bawaba za usukani. Akafika kwangu, akasogea ili apake boksi.

Desturi hiyo niliijua tangu utotoni, ndiyo maana sikuwa nimeiona. Kwenye pwani yetu chuma kipya hakiingii ziwani kikavu. Nanga, msumari mkubwa, bawaba, hata ndoano ya kwanza ya mwaka: hupakwa mawese kabla ya kugusa maji, na chuma cha boti hupakwa kila asubuhi ya safari. Wengine husema ni kwa ajili ya kutu, wengine kwa ajili ya ziwa lenyewe. Shehe wetu hakuipenda, lakini mtumbwi wa mwanawe ulipakwa kama mingine.

"Mjomba, boksi hili unalipaka kila siku?"

"Kila siku. Si iko chuma?"

"Iko chuma."

"Basi."

"Nionyeshe unavyopaka."

Akaninyooshea dole gumba lake lenye mafuta, akalisugua kuzunguka mti wa usukani, pale unapoingia chini ya boksi. Mahali hapo nilikuwa nimeweka pete ya ngozi laini ya mbuzi ili maji yasipande. Dole gumba lililosikia lingejua kuwa pete ile ni laini na kuipita taratibu. La mjomba liliisukuma ndani. Niliona ngozi ikizama, na mawese yakifuata kwenye nafasi iliyobaki. Akalitoa dole gumba, akaenda zake kwenye bawaba ya pili.

Nilimwita, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu, boksi, kisha dole gumba.

"Sikusikia kama iko laini," akasema.

"Najua."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mawese, mjomba."

"Mawese haina mikono."

Nilimwomba asilipake boksi tena. Akakubali, na mabaharia walipofika akawaambia. Mambo yakaharibika hapo. Makanika, ambaye alikuwa mzaha mtupu siku zote, hakufanya mzaha.

"Mimi sipandi," akasema. "Chuma kikavu, nyuma ya bato, juu ya usukani? Munataka tufuate hiyo ndoo tuliyokuwa tunatafuta?"

"Iko ndani ya bati," nikamwambia, "haigusi maji."

"Usukani unagusa maji. Hiyo iko juu ya usukani. Iko kikavu ao haiko kikavu?"

Swali lake lilikuwa wazi na jibu lake lilikuwa ndiyo. Baharia wa mbele akasema naye anasimama na makanika. Nikawaza kuweka bati gumu mahali pa ngozi, lakini mti wa usukani hucheza, na bati lingeukwaruza. Nikarudi nyumbani na boksi.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani. Siku ile nilipopita barazani kwake alikuwa akitia mafuta mashine yake, tone moja hapa, tone moja pale. Mafuta mepesi, meupe kama maji, ambayo hayajui asubuhi wala mchana. Nikaona boksi langu lilikuwa limekosa kitu kimoja: lilikuwa na nafasi tupu. Penye nafasi tupu mawese huingia. Nilinunua chupa kadhaa, nikaisafisha volimu kwa petroli, nikaziba boksi upande wa juu kwa risasi ya kulehemu, nikaweka pete mbili za ngozi na kati yake pete ya shaba ambayo dole gumba halingeweza kuisukuma. Kisha nikalijaza boksi mafuta ya cherehani hadi juu. Kidole cha shaba kilitembea ndani ya mafuta kama kinavyotembea hewani.

Nikamwita makanika. Nikafungua kizibo, nikamwambia atie kidole.

Akatia, akakitoa kinadondoka. "Iko kimelishwa," akasema. Akafikiri. "Lakini haiko mawese."

"Nje paka mawese unavyotaka. Ndani kimekwisha kushiba."

Akamtazama mjomba, mjomba akamtazama yeye, wakakubaliana bila maneno.

Kabla ya shehena kuondoka mwenye boti alinitaka nimwambie ugonjwa ulikuwa nini. Tulikuwa kwenye gati la Nyanza-Lac, mapipa yanapakiwa. Nilimwambia mafuta yaliingia ndani ya boksi.

"Nani aliyatia?"

Nilikuwa bado napanga sentensi. Mjomba akajibu: "Mimi, patroni. Nilikuwa napaka kila asubuhi. Vidole havikuniambia kama yanaingia."

Sikuweza kujua mwenye boti anafikiri nini. Uso wake mnene haukuwa na mzaha wowote. Nilijua tu kuwa ule mtu wa Nyanza-Lac aliyeomba kazi hakuwa mbali na pale.

"Muzee," akasema mwishowe, "ungeacha chuma kikavu kwenye bato yangu, ningekufukuza siku ileile." Kisha akaongeza, "Lakini leo bado naangalia gati."

Mashine ilishika njia. Sina mengi ya kusema juu yake. Mashine inayofanya kazi haina habari. Mwenye boti alikaa kwenye gunia mbele ya kibanda akitazama gurudumu likijigeuza lenyewe kidogo huku na huku, akarudia kusema "Ona, ona," hadi akasinzia. Alfajiri Rumonge ilipotokea, upepo wa kusini ulikuwa umeamka na maji yalikuwa yanapiga gati. Nilimsogelea mjomba ili niongeze mwendo wa moteri.

"Toa munyororo," akaniambia.

"Mashine inaweza, mjomba."

"Njia, inaweza. Gati ni yangu."

Nilitoa mnyororo. Akashika gurudumu, lakini hakulitazama, wala hakutazama gati zaidi ya mara moja moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Ulikuwa unatembea, kwenye baridi ile ile iliyokuwa ikiuua. Akauleta kulia, akaungoja ufike, akaurudisha, akamwita makanika apunguze injini. Upepo ukaisukuma boti kwa nyuma. Mshale ukalala kushoto kabla boti haijaanza kupinda, na mjomba alikuwa amekwisha kuuona. Boti ikajilaza kwenye gati, ikafanya sauti ndogo ya mbao kugusana na tairi. Mwenye boti akaamka.

"Tumefika?"

"Tumefika, patroni."

Akachungulia pembeni, akatazama ubao wa mbele, akatazama gati. "Murakoze, muzee," akamshukuru kwa Kirundi, ambacho alikitumia kwa mambo ya maana tu. Habari ya yule mtu wa Nyanza-Lac sikuisikia tena.

Mashine ya kushika njia ilidumu hadi mvua. Unyevu uliziua zile transista, nami sikupata nyingine. Saa ilibaki, na mjomba akabaki nayo.

Mwaka 1972, mwezi wa nne ulipokuwa unakwisha, yalianza Rumonge yale yaliyoanza, kisha yakafuata yaliyofuata. Kila nyumba ya pwani hii ina hesabu yake ya wafu, na hesabu za wengine si zangu kuziandika. Mwenye boti hakuonekana tena. Boti yake ilivuka kwenda upande wa Tanzania ikiwa imejaa watu mahali pa magunia, na mjomba ndiye aliyekuwa kwenye gurudumu. Mimi nilivuka baadaye, kwa njia nyingine, nikampata kwenye ufuko mmoja kusini ya Kigoma. Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Alikuwa mzima, amekonda.

Nilimuuliza walivukaje. Akasema katikati ya ziwa batri ilikufa, mshale ukaanguka kwenye nyekundu.

"Nikajua imekufa, nikaacha kuiuliza. Nikamuweka mama mumoja nyuma, juu ya usukani, ananiitia: kulia, kushoto, sawa. Alikuwa na mutoto mugongoni na hakukosea hata mara moja." Akaongeza: "Ingebaki katikati, ningeiamini. Kulikuwa na mawe kule tulipofikia."

Akaniomba nilitazame boksi. Kwa nje lilikuwa limefunikwa na tabaka za mawese, nyingine kavu na nyeusi, ya juu mbichi, ya asubuhi ileile, ingawa boti haikuwa inakwenda popote. Nilikwangua penye kizibo, nikafungua. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamepungua kidogo, masafi. Hapakuwa na rangi ya chungwa.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Iko kikavu?"

"Hapana, mjomba."

"Basi funga," akasema, akaenda kutafuta mtu mwenye batri.